Karakana ya Murt Codd

Haya yalimkuta rafiki yangu Lorcan, anayewazungusha watalii kwa gari kwenye maeneo ya uasi wa zamani huko Wexford. Wakifika kwenye magofu ya karakana ya Murt Codd, mhunzi aliyewafulia waasi mikuki, huwaambia kuwa Codd aliwauza wenzake. Ni uongo, na roho humsuta: Codd alichapwa na askari waliowasaka waasi mpaka akafa bila kumtaja mtu. Lakini watalii wanapenda msaliti.

Asubuhi moja ya ukungu, alipomaliza tu uongo wake, nyundo ikaanza kugonga chuma ndani ya magofu.

"Nani yumo?" akauliza mama mmoja.

"Upepo tu, mama."

"Upepo wa huku unashika nyundo?"

Wakacheka. Nyundo ikanyamaza. Lorcan akakimbilia gari, akafungua mlango aliokuwa ameufunga kwa ufunguo. Kwenye kiti chake ilikuwa imelazwa ncha ya mkuki, ingali nyekundu kwa moto.