Mikanda Kumi na Miwili

Mwizi alikuwa ameyaacha matandiko yote sita ya klabu, na hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoingia chumba cha vifaa vya farasi saa mbili asubuhi. Mwizi mwenye akili zake angebeba hata tandiko moja, akaliuza, akala vizuri miezi mitatu. Huyu alichukua mikanda tu, ile inayoning'iniza vikuku ambamo mpandaji hutia miguu. Mikanda kumi na miwili, miwili kwa kila tandiko. Vikuku vyenyewe vya chuma hakuvitaka.

"Mlango haukuvunjwa," alisema mwenyekiti wa kamati ya mashindano, mwanamume mwembamba aliyezoea kusikilizwa. "Dirisha nalo zima."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na saisi mkuu. Ndiye anayewatunza farasi na kuwapanda kila asubuhi wapate mazoezi. Ana miaka thelathini hapa. Simshuku hata kidogo."

"Kushuku ni kazi yangu, mwenyekiti."

Inspekta hakuwa mpenzi wa farasi. Mmoja aliingiza kichwa dirishani akampulizia pumzi shingoni, na Inspekta, mama wa watu, akaruka, "Yallah!" Mwenyekiti akajifanya anasoma karatasi.

Vikuku vilipangwa sakafuni chini ya ukuta, jozi kwa jozi, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Koplo aliyekuwa akitafuta alama za vidole alitikisa kichwa.

"Hakuna hata moja, afande. Vimefutwa."

"Kuficha alama?"

"Labda. Lakini kafuta hadi matope ya kwenye pembe."

Inspekta akacheka. Katika miaka yake ishirini na miwili alikuwa amekutana na wezi walevi, wezi wacha Mungu, hata mwizi mmoja aliyelala usingizi kitandani kwa aliyemwibia. Lakini mwizi wa kufanya usafi, la, huyu alikuwa wa kwanza. Mtu wa namna hiyo alilelewa humu humu bandani, na mikono yake haikuweza kuacha chuma kichafu hata katika kuiba.

"Leo kuna shughuli gani hapa?"

Mwenyekiti alikohoa. "Kikao, saa nne. Binti wa saisi anashindana Jumamosi katika daraja la ridhaa, yaani la wapandaji wasiolipwa. Mpinzani wake ameleta malalamiko kwamba binti huyo huwapanda farasi wa klabu kwa malipo. Ikithibitika, tunamwondoa."

"Nani alijua kuhusu kikao?"

"Wote. Jana mchana nilitangaza kwamba tutakagua vifaa."

"Vifaa vingewaambia nini?"

"Kusema kweli, afande, hata mimi sijui. Nilitaka kuwatisha waseme."

Inspekta alijitazama kiunoni. Mkanda wake wa sare alikuwa ameusogeza tundu moja tangu anenepe, lakini alama ya pale ulipozoea kufungwa bado ilikuwa imejichora kwenye ngozi, ikimsuta kila alipovaa.

"Saisi ana miguu mirefu?"

"Kama ngazi."

"Na binti yake?"

"Ah, yule mfupi. Kamfuata mama yake."

Tandiko la saba, la binti mwenyewe wala si la klabu, lilikuwa limetundikwa peke yake kwenye kona, halijaguswa. Inspekta aliuvuta mkanda wake, akahesabu matundu. Ngozi ilikuwa imechimbika kwenye tundu la tano.

Saisi aliingia ofisini mkono mmoja ukutani. Aliketi taratibu sana, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mzee, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nimeiba mimi."

"Sijakuuliza hilo."

"Basi nakwambia. Nimeiba mimi."

"Uliitoaje hiyo mikanda?"

"Nilikata. Kwa kisu."

"Kisu gani?"

"Cha... cha jikoni."

"Ukaitupa wapi?"

"Shimoni."

"Shimo lipi?"

"Lile kubwa."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, nimeandika maelezo ya waongo wengi. Wewe ndiye mbovu kuliko wote. Vikuku havina hata kipande cha ngozi kilichokatwa. Aliyeitoa mikanda aliifungua mmoja mmoja. Hebu simama, tafadhali."

Mzee aliishika meza kwa mikono miwili. Ilimchukua muda, na aliposimama midomo ilikuwa imekauka.

"Nyonga?"

"Nyonga, afande. Tangu mvua zilizopita." Sauti ilimshuka. "Usimwambie mwenyekiti, mwanangu. Nyumba tunayokaa ni ya kazi."

Binti alikuwa na kiduka cha kushonea ng'ambo ya barabara, cherehani mbili na kabati moja. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni, na alipoiona sare mlangoni mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Sina hati ya upekuzi," alisema Inspekta. "Naweza kuifuata. Au unaweza kulifungua hilo kabati."

Alilifungua. Mikanda kumi na miwili ilikuwa imeviringwa vizuri ndani ya kitambaa, inanukia mafuta.

"Umeipaka mafuta?"

"Ngozi ikikauka inapasuka, afande. Ingekuja kumwangusha mtu."

"Wewe mwizi wewe! Una haki ya kunyamaza, unajua?"

"Nimechoka kunyamaza." Akakaa juu ya marobota ya vitambaa. "Miezi minane sasa, kila alfajiri napanda mimi. Yeye anasimama pembeni, ananielekeza. Nikimaliza nairudisha mikanda tundu la baba, la tisa, ionekane kapanda yeye. Jana waliposema watakagua, nikachukua funguo zake nikaenda kuitazama. Alama za tundu la tano zimechimbika, hata kipofu angezigusa akajua."

"Ukaogopa watakutoa kwenye ridhaa."

"Hata! Kikaoni ningekubali. Ningesema napanda mara moja moja, nalipwa, wanitoe, yaishe."

"Umelipwa?"

"Na nani? Ni baba yangu!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya utepe. "Mikanda ingewaambia kwamba baba hapandi kabisa. Sasa nani atamweka saisi asiyepanda?"

"Na Jumamosi?"

"Nimeisubiri miaka minne. Lakini baba ni mmoja."

Inspekta aliifunga mikanda tena ndani ya kitambaa. Alimpenda binti huyu, na alijikasirikia kwa kumpenda, maana kazi ilikuwa haijaisha. "Chukua vielelezo vyako," alisema. "Twende."

Walipoingia kwenye chumba cha kikao, mzee alikuwa amekwisha kufika, kasimama mbele ya kamati akiegemea mgongo wa kiti. Alikuwa amewaona wakivuka barabara, na kifurushi kile hakikuhitaji maelezo.

"Baba, kaa," alisema binti.

"Nimekaa miezi minane. Leo niache nisimame." Akamgeukia mwenyekiti. "Mshahara nimepokea mimi. Farasi amepanda yeye. Mimi sijapanda tangu mvua zilizopita, nyonga imekwisha. Huyu hakupewa hata soksi."

"Baba!"

"Nyamaza, mama. Nasema."

Mwenyekiti aliichukua mikanda, akaigeuza mmoja mmoja, akaona tundu la tano. Alisoma kanuni kimya, kisha akaisoma kwa sauti, na wenzake wawili mezani wakaitikia kwa vichwa.

"Kanuni inauliza kama mpandaji alilipwa," alisema. "Hakulipwa. Ni wa ridhaa." Kisha sauti ikamlegea. "Lakini wewe, kaka, siwezi kukuandika tena."

"Najua." Mzee aliweka funguo mezani.

"Na wizi?" aliuliza Inspekta.

"Mikanda yote ipo, na imepakwa mafuta kuliko siku zote. Sina kesi, afande."

Nje, binti alimshika baba yake kiwiko, analia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Umeacha kazi ya miaka thelathini, na nyumba juu, eti nikarukishe farasi vijiti!"

"Nyumba tutatafuta. Hebu niambie, siku zote ulizoshindana, umewahi kuniona jukwaani?"

Alifikiri. "Hapana. Huwa uko nyuma, umeshika farasi wa watu."

"Basi Jumamosi sina farasi wa kushika," alisema baba yake. "Niwekee kiti cha mbele kabisa."