Minza Amchagulia Makoye Kompyuta

Asubuhi za likizo ya Desemba, kabla ukungu haujaondoka kwenye milima ya Udzungwa, Minza alikuwa tayari yumo shambani, matope hadi magotini. Yeye alishika kamba mbele na kuwaongoza maksai, na baba yake, Mzee Luhende, alishika plau nyuma. Radi na Tajiri, maksai wawili wenye vifua vipana, walivuta bila kuchapwa. Familia hiyo ilihamia kijiji cha Mkula na ng'ombe wake kutoka Usukuma kabla Minza hajazaliwa, na kila msimu wa mpunga kazi ilikuwa ni hiyo.

Lakini umaarufu wa Minza haukutokana na plau. Ulitokana na kompyuta. Kila Jumamosi alifuatana na mama yake kupeleka maziwa Ifakara, na mama alipozunguka kwa wateja, Minza alibaki dukani kwa Mzee Mahmoud, akicheza michezo ya kompyuta na rafiki yake Zena, binti wa mwenye duka. Kwa hiyo pale nyumbani simu ikigoma, aliitwa Minza. Redio ikikoroma, Minza. Naye hakukubali kushindwa hata siku moja. Jibu lake lilikuwa neno moja tu, "Najua." Hata pale alipokuwa hajui, alijua.

Jioni moja Mzee Luhende alimwita kando ya zizi.

"Mayu," alisema. Alimwita hivyo alipokuwa na furaha, kama Wasukuma wamwitavyo mtoto wa kike wanayempenda. "Unajua kaka yako Makoye anatengeneza mchezo wa kompyuta kule chuoni."

"Najua, baba. Mwezi wa pili ataupeleka kwenye maonyesho ya vijana Morogoro."

"Ataupeleka na nini? Kompyuta yake ni mkweche, inazima ovyo. Nimeuza mafahali wawili. Tunamnunulia mpya, yenye nguvu, tumpe akija mwaka mpya. Asijue hata kidogo. Na atakayeichagua ni wewe."

Minza alihisi kichwa kinavimba kwa furaha. Usiku ule alilala akitabasamu.

Jumatano baba na binti walikuwa dukani Ifakara. Baada ya shikamoo na habari za mvua, Mzee Mahmoud aliwageuzia kioo cha kompyuta yake.

"Laptop za michezo hazinunuliwi kama sufuria," alieleza. "Mteja anachagua vya ndani, kimoja kimoja. Mdogo wangu Yasser yuko Dar es Salaam, yeye ndiye anayewaagizia watu. Fedha yenu ndiyo hii. Ukiongeza hapa, lazima upunguze pale. Haya, binti yangu. Tuanze na kadi ya michoro, ndiyo inayochora picha kwenye kioo."

Minza hakusita. Alichagua ile yenye namba kubwa kuliko zote. Fedha nyingi ikaenda hapo, kwa hiyo kwenye prosesa akachukua ya mwisho kabisa, na kwenye memori vilevile. Umbo akachagua jembamba kama daftari. Kisha akaona kibodi yenye taa za rangi zinazocheza kama taa za ukumbi wa harusi. Hapo macho yakamtoka. Akaichagua bila hata kupumua.

"Mayu," aliuliza Mzee Luhende, akiwa amesimama na fimbo yake katikati ya duka, "hiyo prosesa ni kitu gani?"

"Ni ya... kuprosesi, baba."

"Ndiyo, lakini kazi yake nini? Na mashine yenyewe ikipata moto, joto lake linatokea upande gani?"

Vijana wawili waliokuwa wakinunua chaja waligeuka. Minza aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Baba, najua! Usiulizeulize, watu wanatusikia."

Mzee Mahmoud alikuna kidevu. "Una hakika, binti yangu? Oda naituma Ijumaa baada ya swala, pamoja na za wateja wengine. Ikishatumwa haibadiliki."

"Nina hakika."

Njiani kurudi Mkula kitu fulani kilimchoma moyoni. Akakisukuma kando na kuanza kuimba.

Ijumaa asubuhi Tajiri aliamka akichechemea. Alikuwa amekanyaga mwiba. Mawingu yalikuwa mazito upande wa bondeni, na kipande cha shamba kilibaki bila kulimwa. Mzee Luhende alimtazama Askari, dume dogo lililokuwa likifundishwa kazi.

"Tujaribu tu," alisema. "Leo Radi atavuta na mtoto."

Walimfunga Askari kwenye nira, na kichekesho kikaanza. Radi alipovuta, Askari aliachwa nyuma. Nira ikalala upande, plau likaenda mrama, na badala ya mstari ulionyooka wakachora duara kama watoto wanaocheza. Minza alivuta kamba, akapiga kelele, akaanguka kwenye tope. Baba yake alicheka mpaka akaachia plau.

"Umeona? Nguvu zote za Radi leo ni bure. Anamngoja mwenzake."

Minza alikuwa akipangusa tope usoni. Mkono ukasimama. Anamngoja mwenzake. Aliikumbuka ile kadi kubwa kuliko zote, na kando yake prosesa ya mwisho kabisa. Je, mashine nazo hufungwa nira? Hakuwa na uhakika. Na alipojichunguza vizuri, aliona kwamba hakuwa na uhakika wa chochote alichokichagua Jumatano. Mafahali wawili walikuwa wameondoka zizini kwa sababu ya neno lake "najua".

"Baba."

"Naam."

"Kompyuta ya kaka... sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kitu. Prosesa sijui inafanya nini. Nilichagua namba kubwa kwa sababu ni kubwa, na zile taa kwa sababu zinapendeza. Nilikuona unaniaibisha ukiuliza, kumbe mimi ndiye niliyepaswa kuuliza." Machozi yakachanganyika na tope.

Alingoja kukaripiwa. Mzee Luhende alitazama mawingu.

"Leo si Ijumaa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi fungua ng'ombe, haraka!"

Simu ya Mzee Mahmoud haikupatikana, kwa hiyo jirani yao Gaudensi, mwenye pikipiki, aliwapakia wote wawili walivyo. Walifika Ifakara matope yamewakauka miilini. Watu walikuwa wakitoka msikitini, kanzu nyeupe zimejaa barabarani. Zena alikuwa dukani akihudumia wateja, na baba yake alikuwa akivuka barabara kuja kufungua kompyuta.

"Mzee Mahmoud, usitume!" Minza alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama.

"Hata kiti sijakalia, binti yangu! Na hilo tope, mmetoka kuvua kambale?"

Minza akamweleza yote, mbele ya Zena na mbele ya wateja. Maneno ya kwanza yalikuwa mazito, lakini yaliyofuata yalitoka yenyewe.

Zena alimkodolea macho. "Lakini wewe si ndiye uliyenifundisha mimi?"

"Nilikuwa nabahatisha, Zena. Nisamehe."

Zena aliangua kicheko. "Hata mimi nilikuwa naitikia tu! Sikuelewa hata neno moja."

Mzee Mahmoud naye akaketi na kushusha pumzi. "Basi ngoja niseme na langu. Mimi nauza simu na chaja. Ya ndani ya laptop za michezo nayajua juujuu. Nilipokuuliza una hakika, nilitumaini unanishinda. Niliona haya kukubali mbele ya mtoto. Tumpigie Yasser."

Sauti ya Yasser ikajaza duka kutoka kwenye spika ya simu. "Kabla ya kuchagua chochote," alisema, "niambieni huyo mwenye laptop anaifanyia kazi gani, na ile aliyonayo inakwamia wapi."

Hakuna aliyewahi kumuuliza Makoye. Ikabidi Minza apige simu nyingine.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Minza. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Eti, ule mchezo wako, kompyuta inakwamia wapi?"

"Mbona unauliza?"

Minza alimtazama baba yake. Mzee Luhende aliangalia dari kama mtu asiyehusika.

"Nataka kujifunza. Mimi sijui."

"Wewe? Hujui? Minza, unaumwa?"

Zena aliziba mdomo kwa mikono miwili. Makoye hata hivyo alifurahi kuulizwa, akaeleza kwa bashasha. Mchezo wake ulihusu mchungaji anayevusha kundi la ng'ombe kwenye mto wenye mamba na viboko. Kila ng'ombe alikuwa na akili yake: mmoja mwoga, mwingine mlafi, mwingine mkaidi. Wakiwa wachache mambo yalikuwa shwari. Kundi likiwa kubwa, kompyuta ilichemka kama chungu, ikazima.

Yasser alipoambiwa hayo alipiga makofi kule Dar es Salaam. "Mnaona sasa? Kadi inachora sura ya ng'ombe. Prosesa ndiyo inayofikiri kwa niaba ya kila ng'ombe. Ile mliyochagua ingechora ng'ombe wazuri sana waliosimama tu, wakingoja waambiwe waende wapi. Na umbo jembamba kama lile halina pa kutolea joto. Kadi kubwa ingepunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mngelipia nguvu ambayo hamtaitumia."

"Kama Radi na Askari," alinong'ona Minza.

Wakaanza upya, na safari hii kila mtu aliuliza. Waliteremsha kadi ngazi moja, wakapandisha prosesa ilingane nayo. Memori, inayoshika kazi ya wakati huo, wakachukua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja, kwa kuwa Yasser alisema viwili hubebeana kazi. Mzee Luhende alilipenda jambo hilo kuliko yote, akataka lirudiwe. Wakachagua umbo nene lenye feni mbili na chaja kubwa.

"Na akiiweka juu ya godoro itapumua?" aliuliza mzee.

"Haitapumua, mzee wangu. Mwambieni aiweke mezani."

"Vizuri. Basi tupe iliyo nzito kuliko zote. Kitu kizito ndicho chenye nyama."

Yasser alicheka kwa adabu. "Hapana, mzee. Nyingine zina uzito wa bure."

"Kumbe!" Mzee Luhende alicheka kuliko wote. "Hilo nalo sikulijua." Wala hakuona haya yoyote, na Minza alimwangalia kwa fahari iliyomjaa kifuani.

Fedha ilipofika mwisho, taa za rangi hazikupata nafasi. Minza aliziaga kwa macho.

"Sasa una hakika?" aliuliza Mzee Mahmoud, kidole kikiwa tayari.

"Nina hakika na tulivyoviuliza. Tulivyovisahau sijui."

"Hilo ndilo jibu," alisema Mzee Mahmoud, akaituma oda.

Siku ya mwaka mpya nyumba ilinukia wali na nyama. Makoye alipofungua boksi aliketi chini mlangoni, akalipakata, akafuta macho kwa kiganja. Mama yake akasema kwa sauti ya kujifanya mkali, "Jamani, mtu mzima analilia boksi!" huku naye akijifuta kwa ncha ya kanga.

Alasiri mchezo uliwekwa kwenye mashine mpya. Makoye aliongeza ng'ombe, akaongeza tena, mpaka ukingo wa mto ukajaa kundi zima, kila mmoja na vituko vyake. Feni zilivuma na mashine haikutetereka. Makoye aliruka na kupiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Kisha ikaja zamu ya Mzee Luhende, mfugaji wa tangu utotoni. Kwa dakika chache tu aliwaingiza ng'ombe wote midomoni mwa mamba. Watoto wa majirani waliokusanyika dirishani walicheka hadi wakagaragara.

"Huyu aliyechagua vya ndani ni fundi hasa," alisema Makoye. "Kila kitu kimelingana. Nani?"

Macho yote yalimgeukia Minza. Zamani angelipokea sifa hizo kwa mikono miwili.

"Mara ya kwanza nilichagua peke yangu, nikaharibu," alisema. "Hii tumechagua wengi. Hata wewe mwenyewe umo, ile siku niliyokupigia."

Mzee Luhende aliweka kompyuta mezani kwa uangalifu, akawageukia watoto wake.

"Wanangu, kutojua si aibu. Sote tumezaliwa hatujui. Aibu ni kuficha kutojua kwako, hadi wenzako walipie. Minza alisema 'sijui' kungali mapema, akiwa na tope usoni, mbele ya watu. Ule ulikuwa ushujaa, na mimi baba yake nimejifunza kwake. Kuuliza si ujinga. Mwenye kuuliza hujifunza, na mwenye kujifanya anajua hubaki palepale."

Mama aliitikia kwa kigelegele kimoja kirefu. Minza alivuta kigoda na kukisogeza karibu na kaka yake.

"Kaka, mimi sijui hata kidogo," alisema kwa sauti ya furaha. "Nifundishe. Ng'ombe unamfanyaje hadi amwogope mamba?"

Makoye akasogea kumpisha, akamwelekezea kibodi.