Mtoto Aliyeitika Kuruwitu

Ngala wa Kisumu Ndogo, mtaa wetu wa Malindi, hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka tisa najua ninalosema. Haya aliniambia mwenyewe, leo kidogo, kesho kidogo, na mengine nikayapata kwa mkewe, Kabibi. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi sicheki.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwaka wa themanini na sita, asubuhi ya kawaida kabisa. Jua limeshatoka, watu wanachoma mihogo, redio ya jirani inapiga kelele. Ngala alikunywa chai yake ya rangi, akavaa viatu, akaenda kazini. Alikuwa dereva wa Bwana Kofia, mzungu mzee mwenye nyumba ya ufuoni kusini ya mji wa Malindi. Jina lake la kwao lilikuwa gumu, na kofia hakuivua hata ndani ya nyumba, basi watu wakamwita hivyo naye akaitika.

Bwana Kofia huyo magoti yalikuwa yamemwisha lakini gofu haachi. Akaagiza kwa meli kigari cha gofu, cheupe, cha betri, chenye kiti cha watu wawili na paa la turubai. Alikuwa pia na karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, walimokuwa wakilala wageni wake. Mwaka huo aliamua kurudi kwao moja kwa moja. Vyote viwili akamuuzia mzungu mwenzake wa Kuruwitu, ng'ambo ya feri ya Kilifi.

"Kigari juu ya pikapu, karavani nyuma, safari moja," alimwambia Ngala. "Ndege yangu ni kesho."

Kwa dereva mwingine hiyo ingekuwa kazi ya jasho tu. Lakini Ngala alikuwa na mtoto mmoja, Kadzo, msichana wa miaka sita, waliyempata baada ya kungoja miaka kumi na mmoja. Na mtoto huyo alifia kwenye kile kigari.

Ilikuwa homa. Kabibi alikuwa akifua nguo pale pale kwa Bwana Kofia, mtoto yuko kivulini, mara mwili ukawa moto. Pikapu haikuwapo, Ngala alikuwa ameitwaa kupeleka wageni Marafa wakatazame yale mabonde mekundu. Mpishi akasema tumpakie kwenye kigari. Wakampakia, mpishi akashika usukani, na betri ikaisha kabla hawajafika barabara ya lami. Kadzo alikata roho pale kitini, kichwa kimelala mapajani pa mamake. Jioni Ngala alirudi kutoka Marafa akipiga mluzi. Mpaka leo haupigi tena, na ukiupiga mbele yake ataondoka.

Sasa sikiliza. Kwa watu wa ukoo wao, mtu akifia njiani, mwili unazikwa, lakini mwenyewe hubaki pale alipokatia roho mpaka aitwe. Baba ndiye huita. Humtaja kwa jina lake na la babake, humwambia twende nyumbani, kisha hushika njia. Hatazami nyuma wala harudi nyuma mpaka aingie mlangoni kwake. Siku arobaini Kabibi alimwomba mumewe akaite. Siku arobaini Ngala alisema kesho. Si ukaidi. Tangu mazishi jina la mtoto lilikuwa halimtoki. Watu waliozoea kumwita Baba Kadzo walianza kumwita Ngala tu, naye akashukuru, huku akiwachukia kwa kuacha.

Asubuhi hiyo ya Jumanne Kabibi alimfuata hadi kwenye pikapu.

"Mwite sasa, kabla hujakipakia."

"Mzee yule amesimama na saa mkononi. Nitaanzaje kuzungumza na kiti?"

"Basi ukifika, ukishakishusha." Akamshika mkono. "Lakini umtaje, Ngala. Kadzo wa Ngala. Usimwite hivi hivi."

"Nimesikia."

"Umesikia, haya. Mimi nitafagia, nimsubiri."

Walikipandisha kigari kwa mbao mbili, wanaume wanne wakisukuma. Kilikuwa kirefu kuliko bodi ya pikapu, kikatokeza nyuma, na hapo nyuma ndipo karavani inapofungwa. Ngala akaona itakuwa balaa: uzito ukikaa nyuma sana, matairi ya mbele huinuka na usukani huwa mwepesi, gari lote linakwenda linakotaka lenyewe. Akakisukuma mpaka kikagusa mgongo wa kabini. Akakikaza kwa kamba za katani pembe nne. Akafunga karavani, akapitisha mnyororo wa akiba, akaingia ndani yake kuhakikisha hamna kitu. Godoro moja, meza ya kukunja, basi. Akafunga mlango kwa ufunguo na ufunguo akautia mfukoni.

Mpaka Gede mambo yalikuwa mazuri. Kwenye msitu wa Sokoke karavani ikaanza kuyumba.

Dereva wa kuvuta anajua kuyumba kwa upepo na kuyumba kwa mwendo. Ngala akapunguza mwendo. Bado. Upepo haukuwapo, majani yamesimama. Karavani ilikuwa inacheza taratibu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama inavyocheza mtu akitembea ndani. Akatazama kioo cha pembeni. Pazia la dirisha la mbele lilikuwa wazi. Alikuwa amelifunga mwenyewe.

Hakusimama. Alisema moyoni ni barabara mbovu. Akawasha redio, akaizima.

Kilifi alifika karibu na saa sita. Feri ilikuwa upande huu, na aliyekuwa akipanga magari ni Athman, mtu wa Mambrui aliyemjua Ngala siku nyingi.

"Bwana Ngala, umehamisha mji mzima!" Athman alicheka, akazunguka kuangalia urefu wa mzigo. Akarudi dirishani. "Ingiza polepole. Ila mtoto ashuke, avuke kwa miguu na abiria wenzake. Ndiyo sheria."

"Mtoto gani?"

"Huyo uliyemkalisha kwenye kigari. Na jua lote hili! Mwana wa watu ataungua."

Ngala akashuka. Akapanda bodi. Kiti kilikuwa kitupu na kimepata moto, lakini mahali pamoja, upande wa kushoto, palikuwa pamebonyea. Akaweka mkono pale. Palikuwa baridi.

"Amevaaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Si gauni la manjano? We vipi, humjui mwanao?" Athman akatazama, akaangaza huku na huku. "Lo! Ameshateremka. Watoto wa siku hizi."

Ndilo gauni walilomzika nalo. Ngala alivuka ile feri amekaa kwenye usukani, machozi yanamtiririka, na ananiambia hakuwa na woga hata chembe. Furaha ndiyo ilimliza. Mwanawe yuko pamoja naye, na jioni atakuwa nyumbani kwa mamake. Kazi imebaki ndogo tu.

Kuruwitu wakamfungulia geti. Mlinzi, jina lake Thuku, mtu wa bara aliyezoea pwani, alimsaidia kuiachanisha karavani na pikapu na kuteremsha kigari, akapokea ufunguo. Viliwekwa chini ya mkwaju, bahari iko hatua arobaini tu. Mwenye mali mpya alikuja akavizunguka, akagonga matairi kwa kiatu, akatia saini karatasi na kubaki amesimama pale pale.

"Kuna kingine?" aliuliza.

Ngala akakisogelea kigari. Mzungu anatazama. Thuku anatazama. Akafungua kinywa kusema Kadzo wa Ngala, na jina halikutoka. Akajaribu tena. Ulikuja mlio tu, mlio mbaya, hata mzungu akarudi hatua moja. Jamani, mtu mzima, baba wa watu, ameshindwa kutaja jina alilolitoa yeye mwenyewe. Akasema lililowezekana.

"Mwanangu. Twende nyumbani."

Akageuka, akaingia garini, akafungua mlango wa upande wa pili na kungoja. Kiti cha abiria kikabonyea. Akanyoosha mkono bila kutazama, akavuta mlango, akaondoka.

Pikapu sasa ilikuwa nyepesi, barabara tupu, na alianza kuzungumza. Alimweleza mtoto habari za nyumbani. Paka amezaa. Mama amekufagilia. Alinusa mwani, akadhani ni upepo wa bahari. Alisikia maji yakidondoka, akadhani rejeta ya gari inavuja. Mguu wake wa kushoto ukalowa.

Hakutazama. Alikatazwa kutazama.

Mnarani, upande wa pili wa maji, aliingia kwenye feri bila kungoja. Mlango wa chuma ukanyanyuliwa, feri ikaondoka, na Athman akaja dirishani. Safari hii hakucheka.

"Bwana Ngala. Huyu ni mwingine?"

"Mwingine vipi?"

"Wa kwanza alikuwa mdogo. Huyu ni msichana mkubwa, miaka kumi hivi. Mbona umemwacha na shuka lililorowa? Mpe nguo, anatetemeka."

Ngala akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mtazame vizuri, Athman. Nakuomba."

Athman akainama. Akatazama muda mrefu. Kisha akanyooka, akaondoka, na feri ilipotia nanga alipungia magari mengine yatoke kwanza, uso ameupa bahari.

Kurudi hawezi. Mwitaji harudi nyuma. Akirudi, amempoteza aliyemwita na aliyebaki. Ndivyo alivyofunzwa, na pale gatini Kilifi, na magari yanampigia honi, hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alijiambia Athman amekosea. Jua kali. Macho ya mtu mzima. Aliendesha mpaka Malindi akisema hivyo.

Kabibi alikuwa mlangoni. Amefagia, amevaa leso mpya, uji wa mtoto uko kwenye bakuli. Ngala akashuka, akafungua mlango wa pili, akatembea mbele bila kugeuka, akaingia ndani. Nyuma yake ikaja miguu. Chap. Chap. Chap.

Kabibi alikuwa ameshainua mikono ampokee. Mikono ikabaki juu.

"Ulimtaja?"

Ngala akainama kuvua viatu.

"Ngala. Ulimtaja jina?"

"Nilishindwa."

"Ulisema nini?"

"Mwanangu. Nilisema mwanangu, twende nyumbani."

Kabibi akatazama chini. Kwenye sakafu yake safi palikuwa na nyayo za maji, vidole vitano vitano, na aliinama akapima moja kwa shubiri. Mtoto wake alikuwa hajafikia kimo hicho.

"Uko ufuoni, umeita mwana," alisema kwa sauti ya chini. "Ni wangapi waliofia majini ambao baba zao hawakuja kuwaita?"

Kisha akakaa pale pale, akalia kilio nilichokisikia mimi nilipo, ukuta wa pili, na nikakimbilia kwao nikidhani wamevamiwa.

Alfajiri walipanda basi wote wawili. Njia nzima Kabibi alimshikilia mumewe mkono na kumfundisha kama anayefundisha mtoto kusema: Kadzo wa Ngala, sema. Kadzo wa Ngala. Penye Takaungu jina likatoka. Likatoka kwa sauti, basi zima likageuka, naye akaendelea kulisema, hajali.

Kuruwitu, chini ya mkwaju, hapakuwa na kitu.

"Vimeondoka usiku," Thuku aliwaambia. "Mwenyewe ameviuza tena, na waliovinunua wamevuta kuelekea bara. Mimi niliwafungulia geti tu, sikuuliza." Akamgeukia Ngala. "Mzee, samahani. Jana jioni mlimsahau mtu humo? Karavani iligongwa kwa ndani. Nikafungua, tupu. Nikafunga, ikagongwa tena. Mtoto alikuwa akisema, baba, bado mimi. Baba, bado mimi."

Ngala akapiga magoti kwenye alama za magurudumu akaita. Kadzo wa Ngala, twende nyumbani. Aliita mpaka adhuhuri, jina zima, bila kukwama hata mara moja. Hakuna kilichobonyea. Hakuna kilichoitika. Thuku alimletea maji, akayaacha kando yake.

Walimtafuta. Kuna aliyesema karavani imeonekana Nanyuki, kuna aliyesema imevuka Namanga. Ngala hakutafuta tena kazi ya udereva wa nyumbani, akaingia kwenye malori, apate njia ndefu. Kila karavani anayoikuta njiani, imeegeshwa au inavutwa, husimama, hushuka, huita. Wengine humdhani mwehu. Ameshapigwa Voi, ameshawekwa rumande Nakuru. Hajaacha.

Na yule mwingine? Kabibi alikataa kumfukuza. Mganga alikuja, Kabibi akamwambia aende zake. "Si wangu," alisema, "lakini ni wa mtu. Nikimtoa ataitwa na nani?" Kila asubuhi humuuliza jina lake, humngoja, kisha huendelea na kazi. Hajajibiwa.

Mimi nimeyaona kwa macho yangu, wakati wa kaskazi, visima vimekauka. Mlangoni kwao kuna nyayo mbili za chumvi, nyeupe, kavu. Kabibi huzipangusa asubuhi, jioni zimerudi pale pale. Hazielekei ndani ya nyumba. Zimesimama zikitazama barabarani.