Mstari wa Soda

Saa kumi na moja na nusu asubuhi Kasiva alikuwa tayari amepiga magoti kwenye mchanga wa mto, akichota maji kwa kikombe cha plastiki. Ulikuwa mto kwa jina tu. Mvua ilipokatika, maji yalijificha chini ya mchanga, na watu wa Kyanzu, katika eneo la Kalama, wakayafuata kwa sepetu na mikono. Unachota kikombe kimoja, unangoja shimo lijae tena, unachota kingine. Mtungi wa lita ishirini ulichukua nusu saa, na punda wao alibeba mitungi minne. Ndiyo maana Kasiva, ambaye hakuna aliyemshinda Hisabati katika Gredi ya Saba, hakuwa ameona kipindi cha kwanza cha Hisabati tangu mwezi uliopita.

Asubuhi hiyo wanawake waliokuwa wakingoja zamu walizungumzia baraza la Jumamosi. Kaunti ilikuwa imetenga pesa za mradi mmoja wa maendeleo hapo Kyanzu, na wakazi wenyewe ndio wangechagua mradi upi. Lakini hawakujadili mradi. Walijadili kama soda zingekuwa baridi. Jirani yao Kisilu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alitaka kujua kama mtu mwenye watoto wawili angepewa chupa tatu.

Kasiva aliwasikiliza huku midomo ameikunja. Aliwadharau, wala hakuona sababu ya kuificha dharau yake. Si ndio hawa hawa walioidhinisha kibanda cha kupumzikia waendesha bodaboda, kikajengwa kwenye njia ambayo bodaboda haipiti? Sasa kuku walikuwa wakitaga humo. Na mwaka uliopita walikaa barazani tangu asubuhi, wakatia sahihi, wakala mandazi, kisha wakarudi nyumbani wakiulizana njiani kile walichokubali.

Kasiva aliishi na nyanya yake, Susu Mutindi, kwa kuwa mama alishona nguo kiwandani EPZ, mjini Athi River, na alikuja mwisho wa mwezi tu. Susu alikuwa amesimama katika mabaraza matatu akiomba jambo lile lile: bwawa la mchanga. Hilo ni ukuta imara wa mawe na saruji unaokatiza mto. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo hadi kiangazi kiishe. Mara tatu watu walimpigia makofi, na mara tatu wakapitisha kitu kingine.

Mwaka huu maombi mawili ndiyo yaliyobaki. La kwanza lilikuwa bwawa la Susu. La pili lilikuwa lango la kisasa la soko, lenye tao la chuma na tai wawili juu yake. Lililetwa na Bwana Bartholomew, mwenyekiti wa soko, ambaye alivaa koti hata jua likiwa la kuchoma mbuzi. Soko la Kyanzu halikuwa na ukuta. Halikuwa hata na ua wa miiba. Mtu angeweza kuliingia kutoka upande wowote, tena na mkokoteni.

Mzee Khadar, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na duka hapo sokoni tangu kabla mama yake Kasiva hajaolewa, alimuuliza swali moja tu. "Mwenyekiti, hao mbuzi wangu ni nani atawafundisha kupitia kwa geti?"

Bartholomew alimjibu kwamba maendeleo si ya mbuzi.

Jumamosi ilipofika watu walijaa uwanja wa kanisa. Bartholomew alijitolea kufungua kwa maombi. Aliomba kwa muda mrefu sana, na katika maombi hayo akamkumbusha Mungu habari za lango mara mbili, kana kwamba Mungu naye ana kitambulisho cha Kyanzu. Baadhi ya watu waliitikia amina huku wakichungulia makreti ya soda aliyoyaleta.

Kisha Bi Emily, msimamizi wa wadi, alieleza utaratibu. Hakutaka mikono iinuliwe, alisema, kwa sababu kuna watu huinua miwili. Wangepanga mistari. Wanaotaka lango wangejipanga mbele ya kanisa, wanaotaka bwawa wangejipanga nyuma, na jina la kila mmoja lingeandikwa. Yeye mwenyewe angeandika nyuma. Mbele alihitaji mtu mwenye mwandiko mzuri, na mwalimu wa shule akamtaja Kasiva.

Kasiva akaketi kwenye meza na karatasi yake. Ukutani, juu ya kichwa chake, palibandikwa neno LANGO kwa herufi kubwa. Mara tu Bi Emily alipozunguka nyuma ya jengo, Bartholomew aliagiza makreti yake yasogezwe, akayapanga kando ya meza hiyo, akatangaza kwa sauti tamu kwamba viburudisho vilikuwa hapo.

Watu wakaja kama mbuzi walioona chumvi. Wa kwanza alikuwa Kisilu. Alitaja jina, akatoa kitambulisho, akapokea chupa na kuuliza kama angeweza kurudi. Nyuma yake wakafuata wanawake wa mtoni, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeinua macho kusoma ukuta.

Kasiva alielewa baada ya majina matatu. Watu hawa hawakuwa wakichagua lango. Walikuwa kwenye mstari wa soda, na Bartholomew alikuwa akiwahesabu. Angeweza kuinuka. Hatua ishirini tu zingemfikisha kwa Bi Emily. Lakini kuna utamu fulani katika kumwona mjinga akijifunga kamba mwenyewe, na Kasiva aliuonja utamu huo. Acha wajengewe lango, aliwaza. Wakipita chini ya tai wale na mitungi mitupu kichwani, watajua walichokunywa. Hakukumbuka kwamba mtungi wake nao ungekuwa mtupu.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisita, akauliza, "Kwani hapa tunaandikiwa nini?"

"Panga laini, mama," Kasiva alisema. "Unachelewesha wengine."

Akaendelea kuandika kwa mwandiko wake mzuri: majina kumi, ishirini, arobaini. Kisha mkono uliokunjamana ukashika ukingo wa meza. Macho ya Susu yalikuwa yameanza kufifia, wala hakujua ametokea upande upi wa kanisa, na aliyasogeza karibu na uso wa mjukuu wake ili amwone.

"Ni wewe, mwiitu wakwa, binti yangu?" Susu alisema kwa furaha. "Nimeona huu mstari vile ni mrefu, nikamshukuru Mungu. Miaka yote hii nilidhani hawanisikii. Kumbe watu wanataka bwawa. Niandike."

Kalamu ikagoma. Susu alingoja akitabasamu, soda hakuiangalia hata kidogo. Kasiva alihisi uso wake ukiwaka. Aliikunja karatasi, akainuka, akakimbia hadi nyuma ya kanisa, ambako Bi Emily alikuwa na majina tisa tu.

"Madam, ule mstari si wa lango," alisema akihema. "Ni wa soda. Watu hawajui wanachoandikiwa. Mimi nilijua, na niliendelea kuwaandika."

Bartholomew alifika nyuma yake akicheka. Alisema mtoto huyu ni mjukuu wa mwenye bwawa, hivyo ni wazi ni nani aliyemtuma. Kwamba wananchi walijipanga kwa hiari yao na majina yao yapo. Bi Emily hakubishana naye. Aliichukua karatasi, akaenda mbele ya kanisa, akamuuliza Kisilu amechagua mradi gani.

Kisilu alitazama chupa yake kama aliyetarajia jibu limeandikwa humo. "Fanta," akasema.

Watu waliangua kicheko, kisha kicheko kikafa walipoanza kutazamana. Bi Emily aliichana karatasi mbele yao. Aliamuru kila mtu apewe soda yake kwanza, anywe, amalize. Kisha akasoma miradi yote miwili polepole, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na kuwataka wajipange upya. Mzee Khadar alitangulia kwenda nyuma ya kanisa na wengi wakamfuata. Mstari wa bwawa ulizunguka kanisa. Katika mstari wa lango walibaki watu kumi na mmoja, na Bartholomew alipogeuka kuwahesabu, akaona mkewe hayumo. Alikuwa kwenye mstari mwingine. Yeye pia alichota maji mtoni.

Jioni Kasiva alikoka moto wa chai akingoja kusifiwa. Si yeye aliyeokoa bwawa? Susu aliketi kwenye kigoda, akanywa chai nusu kikombe, kisha akauliza.

"Uliandika watu wangapi kabla yangu?"

"Arobaini na mmoja, Susu."

"Na hao hukuwaonea huruma. Ulingoja mpaka nyanya yako aje."

Kasiva alijitetea. Alisema watu wenyewe ni wajinga, wanauza maji kwa soda, na alikuwa amechoka nao. Ni mama mmoja tu aliyeuliza anaandikiwa nini, akakiri, naye akamwambia asicheleweshe wengine.

"Wamekosea, ndiyo," Susu alisema. "Na mimi wamenichosha kuliko wewe. Lakini nisikilize. Bartholomew alileta soda kwa sababu anatudharau. Anaona sisi ni watu wa kununuliwa na chupa. Wewe nawe ulinyamaza kwa sababu unatudharau. Leo, wewe na yeye mmefanya kazi moja, meza moja, na wewe ndiye uliyekuwa na kalamu. Mungu alikupa kichwa chepesi, mwiitu wakwa. Hakukupa ili ukae pembeni ukiwacheka wenzako wanaokosea. Alikupa ili uwaambie. Mkweli anayesema kwa ajili ya watu wake wa nyumbani peke yao bado hajawa mkweli."

Kasiva aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Kesho baada ya ibada utasimama mbele ya watu," Susu alimaliza, "umwombe msamaha yule mama aliyekuuliza swali. Amejaliwa akili kuliko nyinyi nyote. Ndiye peke yake aliyeuliza."

Kasiva angependelea fimbo. Lakini kesho yake alisimama, akamtafuta kwa macho yule mama mwenye mtoto mgongoni, na akasema yote.