Kiwanja Huchaguliwa kwa Mabuti ya Mpira

Siku ile nilikuwa nakaanga mikate. Mama yangu, Agathe, alikaa mezani akichanachana samaki mkavu. Nje theluji ilikuwa imefika madirishani, kama kawaida ya mwezi wa tatu hapa kwetu Nenana, mji mdogo wa kaskazini ya mbali. Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. Mume wangu, Wendell, akaingia akicheka peke yake.

"Corrine! Nimekipata!"

"Funga mlango kwanza! Unatuletea baridi yote ya mtoni."

"Kiwanja, mke wangu! Kando ya Ziwa la Kijiko. Tambarare, peupe, hata mti wa kukata hakuna. Pikipiki ya theluji imeteleza mpaka katikati. Nimeshapigilia vigingi!"

Mama aliacha samaki wake. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

Mwaka ule jimbo lilikuwa limefungua ardhi ya umma kule Ziwa la Kijiko, mbali na barabara. Mkazi yeyote aliruhusiwa kwenda mwenyewe na kuchagua mahali pa kujenga kibanda cha mapumziko. Unapigilia vigingi kwenye pembe nne. Unafunga utepe wenye jina lako. Kisha unaandikisha kiwanja chako ofisini kabla kiangazi hakijaisha. Baadaye wapimaji wanakuja, na serikali inakuuzia. Lakini ukishaandikisha, umeandikisha. Hakuna kurudi na kusema, "Samahani, nilikosea."

Na sisi hatukuwa na nafasi ya kukosea. Mama alikulia kwenye kibanda cha magogo, huko juu mtoni. Kibanda kiliungua nilipokuwa mdogo, tukahamia mjini karibu na reli. Sasa magoti yake yalikuwa yanamchosha kila mwaka zaidi.

"Nataka kulala tena mahali nitakapoamshwa na ndege," alikuwa akisema. "Treni imeniamsha vya kutosha."

Wendell akavua glavu. "Kesho naenda kuandikisha."

Jirani yetu, Shangazi Marfa, alikuwa ameingia kuomba chumvi. Huyu mama hajui kunong'ona.

"We Wendell, ulivaa mabuti gani ulipopachagua?"

"Ya theluji, Shangazi. Ulitaka nivae viatu vya harusi?"

"Basi hujapaona! Kiwanja huchaguliwa kwa mabuti ya mpira. Haya, njooni kwangu wote. Na mnipe yai moja la kuchemsha."

Tukavuka uani hadi kwake. Shangazi Marfa aliliweka yai mezani, akaliachia. Yai likaanza kwenda lenyewe. Likapita kikombe, likapita sahani, likaanguka mapajani mwa Wendell.

"Umeona?" alisema Shangazi Marfa. "Marehemu mume wangu alipachagua hapa mwezi wa pili. Ardhi ngumu kama chuma! Akajisifu kama wewe. Lakini ugumu ule ulikuwa barafu. Chini ya udongo kuna barafu isiyoyeyuka hata kiangazi. Tulipokata miti na kuwasha jiko, barafu ikaanza kuyeyuka. Nyumba ikaanza kuzama. Sasa mlango wa nyuma siufungui tena."

"Lakini pale kwangu ni peupe, Shangazi. Hakuna miti kabisa."

"Na hukujiuliza kwa nini miti imepakimbia?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Wendell hakucheka.

"Tukingoja theluji iishe, wenzetu watapachukua," alisema.

Nilijua hofu yake. Hata mimi niliogopa. Viwanja vilikuwa vichache na watu walikuwa wengi. Lakini nilimtazama Mama, nikatazama lile yai.

"Wapachukue," nikasema. "Mama hatembei kwenye tope, Wendell. Tutangoja."

Alinuna wiki nzima. Nilimwacha anune.

Mwezi wa sita tulipanda boti, sisi wanne. Shangazi Marfa alibeba fimbo ndefu ya chuma. Mama alibeba birika, maana alisema chai ya watu wengine haina ladha. Tulipofika, Wendell aliruka wa kwanza.

"Ni hapo tu, mbele ya yale ma..." Hakumaliza. Mguu ulizama mpaka gotini. Akauvuta, ukatoka bila buti.

Jamani! Lile eneo lake peupe lilikuwa kinamasi kitupu. Mbu walitupokea kama wageni wa siku nyingi. Kumbe vigingi alikuwa amevipigilia kwenye theluji, wala havikugusa udongo. Sasa vilikuwa vinaelea, na jina lake kwenye utepe, na bata mmoja akivizunguka.

"Hodi kwa Bwana Wendell!" Mama aliita kutoka kwenye boti. "Tuvue viatu?"

Hata Wendell alicheka safari hii, mguu mmoja juu kama korongo. Tukavitoa vigingi majini.

"Sasa fungueni macho," alisema Shangazi Marfa. "Mnaiona ile misonobari myeusi, midogo, iliyoinama kama walevi? Pale barafu iko karibu." Akachoma fimbo kati ya miti ile. Iliingia kidogo tu, ikagonga. Kang! "Sasa tutafuteni miti mikubwa yenye gome jeupe. Hiyo haipendi maji. Inaota mahali pakavu, kwenye mteremko unaopata jua."

Juu ya ziwa kulikuwa na kilima cha miti ya namna hiyo. Mama akabaki chini, sisi watatu tukapanda mbio. Juu kabisa tukakuta utepe wa buluu umefungwa kwenye mti, na jina la watu wengine.

Wendell alikaa chini. "Nilisema mimi! Tumengoja, tumekosa."

Nilimwona Mama kule chini akitusubiri na birika lake, nikatamani kulia.

"Inuka," alisema Shangazi Marfa. "Utepe wa mtu hauguswi. Lakini hawakuchukua kilima chote."

Tulitembea kuufuata mteremko. Baada ya kijito kidogo tukakuta bega la kilima, si kubwa, na maji yanaonekana kwa mbali kidogo. Miti myeupe ilikuwa imesimama wima. Tulitazama kila upande. Hapakuwa na utepe wa mtu. Shangazi Marfa alimpa Wendell fimbo.

"Choma mwenyewe."

Akachoma. Fimbo ikaingia kwenye mchanga na changarawe hadi mwisho wake. Akajaribu upande wa pili, na wa tatu. Hakuna barafu. Akanitazama kama mtoto aliyepewa zawadi.

"Mwiteni Mama," nikasema. "Asipoweza kupanda, hapatufai."

Mama alipanda mwenyewe. Alisimama mara nyingi, akiwasingizia mbu. Alipofika alikaa kwenye gogo, akavuta pumzi, akatazama ziwa.

"Chai itawekwa hapa," akasema. Tukajua kazi imekwisha.

Wendell alipigilia vigingi vipya, udongoni safari hii. Tukafyeka mstari wa mpaka kutoka pembe hadi pembe ili wapimaji wauone. Alitaka kufyeka hadi majini.

"Ishia hapo," alisema Shangazi Marfa. "Ukingo wa ziwa ni njia ya watu wote. Mvuvi apite, mwindaji apite. Ndiyo ardhi ya umma ilivyo."

Wiki ile ile tuliandikisha. Kiangazi kilichofuata tulijenga kibanda chetu, sakafu imenyanyuliwa juu ya nguzo, upepo unapita chini. Wenye utepe wa buluu ndio waliotusaidia kuinua magogo ya paa. Kile kiwanja cha kwanza cha Wendell hakijachukuliwa na mtu. Kina bata tu.

Asubuhi ya kwanza ndege wa ziwani walilia, wale wanaolia kama mtu anayecheka. Niliamka nikamkuta Mama ameshaketi mezani. Mbele yake palikuwa na yai la kuchemsha. Aliliweka katikati ya meza, akaondoa mkono.

Tulilitazama wote. Yai lilitulia palepale.

"Haliendi popote," alisema Wendell.

"Na mimi vilevile," alisema Mama, akamimina chai.