Aliyeung'ata Mwezi Kidogo

Kwanza Grâce alimshuku shemeji yake. Bugali aliyoifunika usiku aliikuta asubuhi imeng'atwa ukingoni, pengo moja safi la mviringo, na Clovis alikuwa amefika Kasongo juzi tu kutoka machimbo ya Salamabila na njaa ya watu watatu.

"Shemeji, bugali ya jana uliiuma weye?"

"Miye? Ingekuwa miye, hata sahani usingeikuta."

Hoja ilikuwa nzito. Akahamia kwa mumewe Blaise, kisha kwa paka, kisha kwa jirani Estelle, ambaye hata paka alimshuku. Lakini siku zilivyosogea viling'atwa pia sabuni, papai bichi, hata mto wa kulalia wa Laura, mtoto wao wa miezi mitatu. Na kila mara nyumba ilinuka chuma cha moto kilichotumbukizwa majini.

Mto ndio uliompeleka mbio kwa Bibi Marie-Thérèse, mganga. Bibi akaacha kuchambua sombe, majani ya muhogo ya mchana.

"Amerudi," akanong'ona. "Iko na kupatwa kwake kwa mwezi, huyo jini. Kila miaka kumi na nane na siku kumi na moja kunarudi, naye anarudi nako. Mwaka 1988 aliumega mwezi sana. Wa 2006, kidogo. Kesho kutwa alfajiri ni zamu yake tena."

"Na kwangu anatafuta nini, Bibi?"

"Mutu wa kuingia. Ile 2006 alipata mutoto ya Djuma. Mwili ulibaki, mwenyewe akaenda. Tulimukuta anatafuna kuku na manyoya yake." Akamshika mkono. "Mupige sufuria mpaka auachie mwezi. Na mutoto abaki ndani. Mwezi wenye kuumwa usimuone."

Alfajiri ile mtaa mzima ulikuwa nje, Blaise na mfuniko, Clovis na karai lake la kuoshea dhahabu, Grâce akipiga sufuria mpaka mkono ukafa ganzi, macho juu, masikio yakiutafuta mlango nyuma yake, huku kivuli kikiung'ata mwezi upana wa ukucha tu, kikatulia, kikaanza kurudi nyuma.

"Ile ni kuuma ao kubusu?" Clovis akacheka. "Jini yenu imezeeka, Bibi. Kila zamu inapata kidogo."

Bibi hakucheka. "Kule juu anapata kidogo," alisema polepole. "Basi njaa yake anaipeleka wapi?"

Grâce akaitupa sufuria, akakimbilia ndani.

Laura alikuwa amelala pale pale. Vidole vyote, pumzi shwari, harufu ya maziwa tu. Akafumbua macho, akalia kama mtoto yeyote mwenye njaa, na Grâce, akijicheka, akaketi kitandani akamnyonyesha. Nje walikuwa wakishangilia. Mwezi ulikuwa mzima.

Mtoto alinyonya kwa utulivu, akimtazama usoni bila kupepesa. Kisha, kwenye zile fizi laini alizozipangusa kwa kitambaa jana jioni, Grâce akahisi meno, safu nzima, yakifunga polepole.