Tundu la Chungu cha Angetile

Apa kwanza kwamba hili halitavuka mdomo wako. Umeapa? Haya. Waliokuwapo ukumbini nao waliapa hivyo hivyo, na wali wa mchana haujaiva habari ikawa imeshafika Njisi mpakani kwa bodaboda.

Prisca wa Ikombe alikuwa mfinyanzi hodari, lakini wateja waliulizia kwanza vyungu vya mfinyanzi mwenzake, Angetile. Hata Angetile alipokufa, waliendelea kuviulizia. Basi watu wa makumbusho walipotangaza siku yao pale Kyela, wazee wafundishe wanafunzi, Wakisi na Wanyakyusa na wageni wa ng'ambo ya mto Songwe wakae pamoja, wakasema chungu kitakachopendeza zaidi kitakwenda makumbusho na jina la mwenyewe. Prisca alilitaka jina hilo liwe lake.

Sasa, katika ukoo wa Angetile, mfinyanzi akifa chungu chake cha mwisho hutobolewa kitako kikaachwa kaburini, roho ipate pa kutokea. Prisca akakibeba kile cha Angetile. Tundu akaliziba kwa udongo, akapaka masizi, akapanda mtumbwi.

Humo mtumbwini chungu kikaanza kutoa jasho. Kitupu, kikavu, lakini kanga yake mapajani ikalowa chapa.

"Maji ya ziwa tu," akajisemea.

Ukumbini akapokewa na Brenda, binti wa makumbusho. "Ndaga, mama! Umekifinyanga mwenyewe?"

"Sasa nani tena?"

Pa, pa, pa, kikajibu chungu kwa ndani, kama kiganja kinachopiga udongo. Prisca peke yake ndiye aliyeshtuka.

Mwanafunzi mmoja, Nancy, akainamia mdomo wa chungu. "Bibi, humu kuna mtu anapumua."

"Muulize kama amekula!" wenzake wakacheka.

Nancy hakucheka. Akanong'ona, "Anauliza nani amemfungia mlango."

Harufu ya kaburi lililonyeshewa ikampanda Prisca puani. Mzee Zebedayo, mkulima wa kokoa aliyeketi karibu, akamtupia jicho. "We mama, mbona unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa?"

"Homa, mzee wangu."

"Homa gani ya kukumbatia chungu?"

Angeweza kukizibua chungu palepale, lakini tundu lingeonekana, na kila Mkisi mle ndani angejua ametoka nacho wapi.

"Haya, mama," Brenda akaita, simu zikiinuliwa, "waonyeshe watoto mnavyopapasa ndani kupima unene."

Prisca akaingiza mkono polepole, akiwaza kwamba akikifikia kile kizibo atakisukuma kwa kidole kimoja tu, kimyakimya, huyo aliyemo atoke aende zake na watu waendelee kutazama uso wake uliokuwa ukitabasamu kwa nguvu huku jasho likimwingia machoni, na kidole kikashuka, kikashuka tena, na kabla hakijagusa kitako vidole vingine, baridi, vyenye sugu, vikajipanga juu ya vyake.

Akavuta. Chungu kizima kikainuka na mkono, kikapinduka mbele ya wote, kitako juu, na kizibo kikachomoka, kikaanguka sakafuni. Kutoka mdomoni mwa chungu vidole vinne vya udongo mwekundu vilikuwa vimemkaba kiwiko.

"Prisca, dada," sauti ya Angetile ikasema taratibu, ileile ya sokoni, "waambie ni cha nani."

"Chako! Chako, Angetile, niachie!"

Watu wote walisikia. Tundu lilikuwa wazi, pa kutokea papo, lakini vidole havikulegea.